Barua zenu: Nani aliona kwanza?

Mwezi uliopita niliweka hapa swali fupi la msomaji aliyetaka kujua kama kila janga ni kazi ya Mungu au mengine tunayatengeneza wenyewe kwa mikono yetu, basi meseji zilizokuja baada ya hapo sikuzitegemea. Wengi mnaandika kutoka kanda ya ziwa, na wengi hamuulizi kwa kutaka kujua tu, mnauliza kwa sababu jambo lenyewe liko mlangoni kwenu. Nimechukua tano, nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni kijana wa Ukerewe, baba mvuvi na babu pia alikuwa mvuvi. Babu kila akikaa anasimulia furu, kwamba zamani ukitupa wavu pale mwaloni, ufukweni wanapopakua samaki, unatoka na furu wa kila rangi, sasa mi nina miaka 24 na hao furu nawaona kwa nadra sana. Kuna mzee wa kanisani anasema ziwa limelaaniwa kwa dhambi za watu wa mialoni. Hivi ukweli ni upi, furu walienda wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Furu waliliwa. Waliliwa na sangara, na sangara hakuja mwenyewe, aliletwa na watu, akatolewa Ziwa Albert na Ziwa Turkana akamwagwa kwetu. Enzi za mkoloni wakubwa wa uvuvi walikuwa wanawaita furu samaki takataka, eti wadogo, miba mingi, hawana soko, wakawaza kwamba ukimleta samaki mkubwa akawala hao wadogo basi takataka itageuka minofu. Upande wa Uganda walianza kumwingiza tangu 1954, afu 1962 na 1963 akawekwa tena, safari hii rasmi. Na kuna aliyesema mapema. Mwaka 1960 Mwingereza mmoja, Geoffrey Fryer, aliyekuwa anachunguza samaki wa maziwa yetu, aliandika kupinga na kuonya kwamba ni hatari, lakini hakusikilizwa.

Kwa miaka kama 20 hakuna kubwa lililoonekana, ndo maana jambo hili linawachanganya watu, maana aliyelifanya alishastaafu na kuondoka kabla matokeo hayajaja. Miaka ya 80 sangara wakalipuka. Furu walikuwa zaidi ya aina 500, ukipima uzito wa samaki wote wa ziwa zamani basi kama asilimia 80 ni wao, na kufikia mwisho wa miaka ya 80 hawakufika hata asilimia 1. Wataalamu wanakadiria aina kama 200 zilipotea moja kwa moja.

Bibi yangu, upande wa Musoma, alikuwa anawatumbua furu kwa ukucha wa kidole gumba, chap chap huku anaongea na wewe, anawatandaza juu ya mwamba, jua la siku mbili tatu wamekauka, wanaingia kwenye kikapu mpaka msimu wa kulima. Hakuna kuni hata moja. Sangara huwezi kumfanyia hivyo, ana mafuta mengi, ukimwanika anaoza, lazima moshi au akaangwe, kwa hiyo pembeni ya kila mwalo ikaanza kukatwa miti ya kubanikia samaki na visiwa vingi vikabaki vipara, mvua ikinyesha udongo wote unateremka ziwani. Na furu walikuwa na kazi zao humo majini, wapo waliokula mwani, wapo wa konokono, wapo waliokula uchafu wa chini kabisa. Walipoondoka, na huku juu tunateremsha udongo, mbolea za mashambani na maji machafu ya miji, mwani ukanawiri, ukifa unazama unaozea chini, na kule chini hewa ikaisha. Ndo sababu kuna asubuhi watu wanaamka wanakuta samaki wanaelea wamekufa wakidhani kuna mtu kamwaga sumu.

Sitaki kumsema sangara kama vile hakuleta kitu. Amejenga nyumba, amesomesha watoto wengi, na mpaka leo wapo wanaomtegemea. Ila angalia nani amekula nini. Minofu ilienda viwandani, ikaenda Ulaya, na mama wa Mwanza akabaki kununua mapanki, kile kichwa na mgongo vilivyobaki baada ya mnofu kuondolewa. Ukisimama pale wanapoyakaanga utaona mama anayasogeza kwenye karai kwa mti mrefu ili mafuta yasimrukie, na kwenye ule mgongo mnofu uliobaki ni kama uzi tu. Samaki aliyekuwa wa kila mtu aliondoka akaja samaki wa mwenye mtaji.

Huyo mzee wa kanisani msalimie kwa heshima, ila dhambi za mwaloni hazimtoi samaki Turkana. Habari nzuri ni kwamba tangu miaka ya 90, sangara walipoanza kuvuliwa sana, baadhi ya furu walirudi, sio wote, ila wapo. Nakuomba kitu kimoja, kaa na babu akutajie furu aliowajua, rangi zao, walikaa kwenye mawe au kwenye mchanga au kwenye matete, majina yao kwa Kikerewe, uandike kwenye daftari. Aina nyingi zilipotea kabla wataalamu hawajazipa hata jina, kwa hiyo wengine wamebaki kichwani kwa wazee kama babu yako peke yake.

SWALI: Sasa dadangu. Naendesha boti ya abiria hapa Kisumu. Kuna siku naamka napata gugu maji limefunga ufuo wote, siwezi toka, petroli naunguza bure nikijaribu na propela inajifunga. Kwa nini serikali isimwage tu dawa liishe?

JIBU: Poa kaka, pole sana. Gugu maji nalo limeletwa na watu, kwao ni Amerika ya Kusini, lilizungushwa duniani kwa sababu ya lile ua lake zuri la zambarau, watu wakalipanda kwenye mabwawa ya bustani. Kwenye Ziwa Victoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 80, na mpaka leo mto Kagera unaliteremsha toka juu. Ukimwaga dawa litakufa, ndio, ila litazama na kuoza palepale unapochota maji, na dawa yenyewe inaweza kuwadhuru samaki. Kilichofanya kazi ni wadudu jamii ya fukusi ambao asili yao ni hukohuko lilikotoka gugu, Uganda walianza 1995, Kenya wakaanza 1997. Mwaka 1998 gugu lilikuwa limetandaa karibu hekta 20,000, miaka miwili baadaye sehemu kubwa ilikuwa imeondoka. Sasa ukiniuliza mbona limerudi, ntakujibu kwamba linalishwa. Maji yenye mbolea na kinyesi ni chakula chake, lenyewe linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi, na ghuba yenu ya Winam imejifunga, maji hayatembei. Wadudu watakula wachoke kama bado mito inaleta chakula kila mvua ikinyesha. Kwa hiyo kaka swali la kuwauliza wa kaunti ni la maji taka yanakoishia, la dawa liache.

SWALI: Shikamoo dada, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Bariadi. Mwalimu alituambia kuna bahari ilikauka kwa sababu ya pamba. Wenzangu walicheka. Na huku kwetu tunalima pamba. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni kweli, mwalimu wenu hakuwadanganya. Inaitwa Bahari ya Aral, ipo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, na kwa kweli ni ziwa, ni ukubwa tu uliofanya waliite bahari. Mwaka 1960 lilikuwa na kilomita za mraba kama 68,000. Sasa chukua ramani yako utazame Ziwa Victoria, lile lote, Mwanza, Bukoba, Musoma, Kisumu, Entebbe, hilo nalo ni kilomita za mraba 68,000 na ushee. Ndo saizi hiyohiyo. Mtu mmoja akikwambia Ziwa Victoria litakauka utacheka kama wenzako walivyocheka, na wavuvi wa Aral nao wangecheka.

Aral ilikuwa inalishwa na mito miwili, Amu Darya na Syr Darya. Wakubwa wa Kisovieti wakaamua jangwa lile lilimwe pamba, wakaichimbia mito mifereji, tena mingi ilikuwa ya udongo mtupu haijasakafiwa, maji mengi yanapotelea mchangani kabla hayajafika hata kwenye shamba. Na waliopanga walijua kwamba ziwa litapungua, walipiga hesabu wakaona pamba ina thamani kuliko samaki. Hilo ndo linaniuma mimi kuliko mengine yote kwenye kisa hiki, haikuwa bahati mbaya.

Walioona kwanza ni wavuvi. Mji wa Muynak ulikuwa bandari, maji yakaanza kurudi nyuma, wakachimba mfereji wayafuate, yakarudi tena, wakachimba tena, mwisho wakaziacha meli palepale zilipokwama. Mpaka leo zipo, mabati yana kutu, zimekaa juu ya mchanga, na maji yako zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Kiwanda chao cha samaki wa makopo kilifika mahali kinaletewa samaki wa barafu kwa treni kutoka bahari za mbali ili watu wasikose kazi, fikiria hilo. Chumvi iliyobaki chini, pamoja na dawa za pamba za miaka yote zilizokuwa zikiteremka na mito, ikawa vumbi, upepo ukalichukua likaingia vifuani mwa watu. Mwaka 2014 upande mzima wa mashariki wa kile kilichobaki kusini ulikauka kabisa.

Upande wa kaskazini, Kazakhstan, wenyeji walijaribu kuzuia maji yaliyobaki kwa tuta la mchanga, likabomoka 1999, wakajengewa tuta la maana likakamilika 2005, na maji yakapanda haraka kuliko ilivyotegemewa, samaki wakarudi na wavuvi wakarudi. Kwa hiyo kipande kimeokolewa. Pamba yenu ya Bariadi inategemea mvua, hainyweshwi kwa mito ya Ziwa, kwa hiyo msiogope kuilima. Ila dawa zake zikimwagwa mtoni zinafika mbali, hiyo waambie nyumbani.

SWALI: Dada nafuatilia ukurasa wako ila naona kila kitu kwako ni sumu, kila kiwanda kibaya. Niko Mombasa, vijana hapa hawana kazi. Bila viwanda tutakula mazingira?

JIBU: Kaka, swali lako ni halali na nimelisoma mara mbili. Mi sijakataa kiwanda. Ila wewe uko Mombasa na huko huko kwenu kuna mtaa wa Owino Uhuru. Kililetwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi, ile metali nzito ya ndani ya betri, 2007, na watu walishukuru kwa sababu kilileta ajira, kama unavyosema. Moshi na maji yake viliingia kwenye nyumba za mabati zilizopakana nacho. Mmoja wa walioajiriwa humo, Phyllis Omido, mwanawe mchanga aliugua, wakamtibu malaria, wakamtibu homa ya matumbo, wapi. Alipopimwa damu ikakutwa ina risasi, na ilimfikia kwa maziwa ya mama yake. Ndo yeye akaanza kugonga milango, akakamatwa, akatishwa, hakuacha. Kiwanda kilifungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya kimataifa ya Goldman ya watetea mazingira, na 2020 mahakama ya mazingira huko Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ambayo iliendelea kupanda kwenye rufaa miaka mingine.

Sasa hesabu mwenyewe, ajira zile zilikuwa ngapi na watoto waliobaki na risasi mwilini ni wangapi. Risasi ikimkuta mtoto mdogo inagusa ubongo, na hakuna dawa ya kumrudishia alichopoteza. Betri kuyeyushwa zinaweza kuyeyushwa, duniani kunafanyika, lakini kunataka chujio la moshi, maji yasitoke nje, wafanyakazi wapimwe damu, na kisiwe ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Hivyo vyote vina bei. Asipoilipa mwenye kiwanda, inalipwa na yule mama kwa mtoto wake. Mi ninachopinga ni hicho.

SWALI: Dada naomba usiweke jina langu. Naishi Geita, mume wangu anachenjua dhahabu. Anarudi usiku na kile kidonge cha zebaki na dhahabu anakichomea jikoni kwangu, anasema kule kazini wanaibiana, na anatumia kikaango changu cha samaki. Nina mimba ya miezi mitano na mtoto wa miaka mitatu. Nikimwambia anasema amechoma tangu 2015 na ni mzima. Kuna shida kweli? Na kikaango nikikisugua na majivu si kinatumika?

JIBU: Mdogo wangu, asichome tena ndani ya nyumba, kuanzia leo, hata mara moja. Naanza na hilo kabla ya maelezo.

Unapokiona kile kidonge kinaanza cheupe kama fedha, moto ukikolea kinageuka njano, jiulize ule weupe umekwenda wapi. Ule ndo zebaki, imekuwa mvuke, haina rangi wala harufu, na kwa kuwa jiko ni dogo na usiku mmefunga mlango, sehemu mnaivuta na nyingine inapoa inarudi kutulia juu ya bati, ukutani, kwenye chandarua, kwenye ndoo ya maji, na siku jiko likiwaka inanyanyuka tena. Inaingia mapafuni, inaingia kwenye damu, inakwenda kwenye ubongo na figo, na kwa mama mwenye mimba inavuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto.

Ngoja nikupe kisa cha Japani maana kinakuhusu. Mji unaitwa Minamata, watu wake wavuvi. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kinamwaga maji yenye zebaki baharini kuanzia 1932. Sehemu ya zebaki hiyo ilitoka kiwandani ikiwa tayari ya aina mbaya zaidi (na hata ya kawaida ikiingia majini, vijidudu vya kwenye tope huigeuza kuwa aina hiyohiyo), ikaingia kwa samaki wadogo, wakubwa wakawala wadogo, ikajikusanya. Walioona kwanza walikuwa paka. Paka wa mji ule walikuwa wanakula mabaki ya samaki, wakaanza kutokwa mate, kuzunguka kama wanacheza ngoma, wengine wakijitupa baharini. Watu waliona, wakashangaa, wakaendelea na kazi. Mei 1956 ugonjwa ukatangazwa kwa binadamu, mikono inatetemeka, maneno hayatoki, macho yanafifia. Na 1959 daktari wa hospitali ya kampuni yenyewe alimlisha paka maji ya kiwanda, paka akaugua vilevile, kampuni ikamzuia asiseme. Wakaendelea kumwaga mpaka 1968. Nimekutajia kisa hiki kwa sababu ya akina mama. Walikuwepo waliokuwa wazima kabisa, hawatetemeki, wanafanya kazi zao, wakazaa watoto walioharibika vibaya, kwa sababu sumu ilitoka kwa mama ikaenda kwa mtoto.

Kwa hiyo mumeo akikwambia yeye ni mzima, mweleze hilo la Minamata, afu mwangalie akishika kikombe kilichojaa chai, angalia kama mkono umetulia, angalia kama siku hizi anasahau na kukasirika haraka kuliko zamani. Inaanzaga hivyo. Sio kwamba nasema anaumwa, nasema apimwe.

Na usigombane naye, najua hiyo dhahabu ndo unga wenu. Mwambie kipo kifaa kinaitwa ritoti, kama chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, kidonge kinachomwa humo, mvuke unapita kwenye bomba unapoa unarudi kuwa zebaki anayoweza kuitumia tena. Mwoneshe kwa upande wa pesa, zebaki anainunua ghali na kila usiku anaichoma ikapotelea kwenye dari lako. Walioandika mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki waliuita jina la mji huohuo wa Minamata, ukaanza kutumika 2017 na Tanzania imeuridhia, na sababu ya kutazamwa sana wachimbaji wadogo ni kwamba zaidi ya theluthi ya zebaki yote inayotupwa hewani na binadamu inatoka kwenye dhahabu ya namna hii. Hata huko nje achomee mbali na watu, upepo ukitokea mgongoni kwake, asishike kwa mkono mtupu. Na yale marudio, mchanga unaobaki baada ya kuchenjua, yenye zebaki asiyapeleke kwenye sayanaidi, ile kemikali nyingine ya kutolea dhahabu, vikikutana zebaki inayeyuka na kutembea kirahisi zaidi kwenye maji.

Wewe kliniki ijayo mwambie muuguzi waziwazi, nyumbani kwetu inachomwa zebaki, nina mimba na mtoto mdogo, uulize kipimo cha mkojo kinapatikana wapi. Usione aibu na usisubiri kuulizwa, hawatauliza. Jikoni kwako fungua madirisha siku kadhaa, futa kuta na mbao kwa kitambaa kibichi, usifagie kavu, na hiyo kazi aifanye mtu mwingine, sio wewe mwenye mimba. Chandarua cha mtoto kibadilishwe. Nguo za kazi za baba zisiingie chumba anacholala mtoto na zisifuliwe beseni moja na zenu.

Kikaango hapana. Majivu hayatoi zebaki yote iliyonasa kwenye kikaango, kila ukikipasha moto inaweza kutoka kidogokidogo kwenye samaki wako. Usimgawie jirani, usikiuze kwa wa vyuma chakavu. Kitoboeni matundu, mkifunge kwenye mfuko, mkitunze mbali na watoto mpaka mpate maelekezo ya afisa afya, ili asije mwingine akakiokota akakipikia.